K-On!: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu mpya anapoisikia K-On!, au anapoimaliza akabaki na dukuduku. Yameanza na ya msingi. Yanayofichua mwisho wa hadithi yako chini, chini ya kichwa chake, ili asiyetaka kujua asiyaguse.

## Ya msingi

K-On! ni nini?

Ni anime, yaani katuni ya Kijapani ya televisheni, kuhusu wasichana wa sekondari wanaofufua klabu ya muziki iliyokuwa inakaribia kufa shuleni kwao, wakaunda bendi na kuishi nayo hadi wanapohitimu. Ilianza kama manga (hadithi ya picha ya kuchapishwa) ya mchoraji anayetumia jina la Kakifly, mwaka 2007, katika jarida la Manga Time Kirara. Studio ya Kyoto Animation ikaifanya anime. Msimu wa kwanza ulianza kurushwa na kituo cha televisheni cha TBS Aprili 2009, wa pili (unaoandikwa kwa alama mbili za mshangao, K-On!!) Aprili 2010, na filamu ikatoka Japani tarehe 3 Desemba 2011.

Humu hamna vita wala nguvu za ajabu, na hamna mvulana anayegombaniwa. Kuna kwenda shule, kufeli mtihani, kununua gitaa, kunywa chai na keki baada ya vipindi, na mara mojamoja kupanda jukwaani mikono ikitetemeka.

Wahusika wakuu ni akina nani, na nani anapiga nini?

Yui Hirasawa anapiga gitaa la solo na kuimba. Anaingia klabuni akidhani ni mahali pa kupigapiga kastaneti alizozoea chekechea, na hajawahi kushika gitaa maishani. Ritsu Tainaka ni mpiga dramu na kiongozi wa klabu, mchangamfu kweli, ila fomu za klabu husahau kuzipeleka hadi akumbushwe. Mio Akiyama, rafiki yake tangu utotoni, anapiga gitaa la besi na kutunga maneno ya nyimbo. Ni hodari, lakini aibu inamla. Tsumugi Kotobuki, ambaye wenzake humwita Mugi, yuko kwenye kinanda na ndiye mtunzi wa muziki. Kwao ni matajiri, na chai yote, keki zote na vikombe vya kaure vinavyoonekana vinatoka kwake.

Mwaka wa pili anajiunga Azusa Nakano, aliye nyuma yao kwa mwaka mmoja. Anapiga gitaa la rithimu na anaingia akiwa na ujuzi kuliko Yui. Pembeni yao wapo mwalimu mlezi Sawako Yamanaka, Ui ambaye ni mdogo wake Yui, na Nodoka Manabe, rafiki wa Yui wa siku nyingi. Bendi yenyewe inaitwa Houkago Tea Time.

Nianzie wapi, na nifuate mpangilio gani?

Fuata mpangilio wa kutoka kwake. Msimu wa kwanza una sehemu 13, na ya 13 ni ya nyongeza. Baada yake kuna sehemu moja iliyotoka kwenye diski tu, inayowapeleka kwenye ukumbi mdogo wa muziki kupiga pamoja na bendi nyingine. Kisha msimu wa pili, sehemu 26. Hadithi inaishia ya 24. Mbili zinazofuata ni za nyongeza, na zinarudi nyuma kidogo katika mwaka uleule. Ipo pia sehemu ya diski ya msimu wa pili, halafu filamu.

Usianze na filamu. Itakufurahisha, lakini uzito wake unategemea miaka mitatu uliyokaa nao.

Kuna lugha gani za kuchagua?

Sauti ya asili ni Kijapani, na ipo iliyotiwa sauti ya Kiingereza. Nakushauri Kijapani pamoja na maandishi ya chini, kwa sababu waigizaji wa Kijapani ndio waimbaji wa bendi (tazama sehemu ya muziki). Ukisikia Yui akibabaika darasani kisha ukamsikia jukwaani, ni koo lilelile.

Mbona hakuna kinachotokea?

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote, na mwenye kulijibu vizuri ni Azusa, ndani ya anime yenyewe. Katika sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza anakasirika. Alijiunga kwa sababu alisikia bendi ikipiga kwenye onyesho la kuwakaribisha wanafunzi wapya, na kitu kikamgusa. Sasa yumo ndani na anawaona wamekaa mezani wanakula keki. Anajiuliza watu wavivu namna hii waliwezaje kumgusa. Anakwenda kusikiliza bendi nyingine zinazopiga kwa ustadi zaidi, na hisia ile haipati. Anarudi klabuni akilia kwa kuchanganyikiwa, na Mio anamweleza kwamba yeye anapenda kupiga na hawa, na kwamba hata kule kukaa pamoja kuna faida yake.

Chukua jibu hilo na utaiona anime nzima kwa jicho jingine. Bendi inasikika vile kwa sababu Ritsu anamjua Mio hata anapokuwa kimya, na kwa sababu Yui akichelewa kuingia wenzake wanajua namna ya kumsubiri. Kujuana huko kulijengeka kwenye meza ya chai. Kwa hiyo sehemu nzima inaweza kuwa juu ya mvua na gitaa lisilotakiwa kulowa, au joto la kiangazi na kutafuta kiyoyozi, na hakuna dakika inayopotea. Mimi naona anime hii ni ya makini kuliko nyingi zenye vita.

Ikiwa umefika sehemu ya 9 na bado hujaguswa, huenda si yako, na hakuna ubaya.

Inafaa watoto?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Hamna damu wala matusi mazito. Kuna mzaha mmoja wa aibu kwenye onyesho la kwanza la Mio, na mwalimu Sawako ana mazoea ya kuwashonea wasichana mavazi ya ajabu na kuwashurutisha wayavae. Mzazi anaweza kukunja uso hapo. Mtoto wa shule ya msingi ataielewa, ila msimu wa pili unawaingia zaidi walio karibu kumaliza shule, au waliomaliza wakaachana na marafiki.

## Shule na mazingira

Wako darasa la ngapi kwa kulinganisha na kwetu?

Japani shule ya msingi ni miaka 6, sekondari ya chini 3 na ya juu 3. Mkenya anayefuata mtaala mpya ataufahamu mgawanyo huo mara moja. Yui na wenzake wako sekondari ya juu, umri wa miaka 15 hadi 18, kwa Tanzania takriban kidato cha nne hadi cha sita. Mwaka wa masomo unaanza Aprili na kuisha Machi, ndiyo maana maua ya mcheri yanaonekana kila wanapoanza na wanapoachana. Msimu wa kwanza unachukua karibu miaka miwili. Msimu wa pili, mrefu maradufu, unachukua mwaka mmoja tu wa mwisho, na mwendo huo wa kupunguza kasi kadiri mwisho unavyokaribia umekusudiwa.

Kwa nini klabu lazima iwe na watu wanne?

Ni kanuni ya shule yao. Wanachama wote wa zamani walikuwa wamehitimu, na klabu isiyofikisha wanachama wanne mwezi Aprili ukiisha ingefutwa. Ritsu alimburuta Mio, wakampata Mugi, Yui akawa wa nne. Katika shule za Japani klabu za baada ya masomo ni jambo zito. Zina chumba, bajeti, mwalimu mlezi na utaratibu wa wakubwa na wadogo, na ndiyo maana Azusa anawaita wenzake kwa heshima ya wakubwa hadi mwisho, hata anapowagombeza.

Jengo la shule lipo kweli?

Lipo. Ni jengo la zamani la Shule ya Msingi ya Toyosato, mkoa wa Shiga, mashariki ya Kyoto. Lilijengwa mwaka 1937 kwa fedha za Furukawa Tetsujiro, mfanyabiashara mzaliwa wa hapo, na mchoraji wa ramani alikuwa William Merrell Vories, Mmarekani aliyehamia Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 halmashauri ilitaka kulibomoa; wakazi wakapinga hadi likanusurika, na shule mpya ikajengwa jirani.

Itazame vizuri ngazi wanayopanda kwenda chumba cha muziki. Juu ya mkono wa ngazi pana sanamu ndogo za shaba za sungura na kobe. Chini wako pamoja, katikati sungura amelala, na juu kabisa kobe amefika. Ni hadithi ileile tunayoijua. Sanamu hizo zipo Toyosato kweli, na wachoraji wamezirudia kwenye anime. Katika anime ambayo shujaa wake anajifunza polepole kuliko wote, siamini kwamba kamera inazipitia mara nyingi vile kwa bahati.

Mitaa wanayotembea ni ya Kyoto, hasa pande za Shugakuin, na duka la magitaa lilichorwa kwa mfano wa duka la JEUGIA lililokuwa Sanjo.

## Muziki

Wanaoimba ni waigizaji wenyewe?

Ndiyo. Aki Toyosaki (Yui), Yoko Hikasa (Mio), Satomi Sato (Ritsu), Minako Kotobuki (Mugi) na Ayana Taketatsu (Azusa) ndio wanaosikika kwenye rekodi. Walisimama pia mbele ya mashabiki kwenye matamasha makubwa mawili, Yokohama Arena tarehe 30 Desemba 2009 na Saitama Super Arena tarehe 20 Februari 2011. Jina la ukoo la Minako kufanana na la Mugi ni sadfa. Asili ya majina ya wahusika imeelezwa chini kidogo.

Nyimbo zake zilipata mafanikio kweli, au ni mashabiki wanatia chumvi?

Hapana chumvi. Julai 2009 albamu fupi ya Houkago Tea Time iliingia nambari 1 kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, jambo ambalo bendi ya wahusika wa anime haikuwa imelifanya kabla. Wimbo wa kufungia msimu wa kwanza, "Don't say 'lazy'", ulipata tuzo ya wimbo bora ya Animation Kobe mwaka huo. Mei 2010 "Go! Go! Maniac" ukakaa nambari 1 ya wiki kwa nyimbo mojamoja, na "Listen!!" wa bendi hiyohiyo ukawa wa 2 nyuma yake.

Kuna tofauti ambayo msikilizaji mgeni huikosa. Nyimbo za kufungulia na kufungia zimetungwa zisikike kama za wanamuziki waliobobea. "Cagayake! Girls" na "Go! Go! Maniac", kazi za Tom-H@ck, zina kasi ambayo Yui wa kwenye hadithi asingeiweza. Nyimbo za ndani ya hadithi, kama "Fuwa Fuwa Time", ni nyepesi zaidi, za kuaminika kwamba wasichana wa umri ule walizitunga wenyewe kwa maneno ya Mio yenye sukari nyingi.

Vyombo wanavyopiga vipo madukani?

Vipo, na vimechorwa hadi vitufe. Yui ana Gibson Les Paul Standard, aliyoipa jina la Giita na ambayo analala nayo kitandani. Mio ana Fender Jazz Bass ya mkono wa kushoto, Azusa ana Fender Mustang nyekundu, Mugi ana Korg Triton Extreme yenye vibao 76, na Ritsu dramu za Yamaha Hipgig za njano.

Kuhusu bei ya gitaa la Yui, ambayo watu huiuliza sana: kibandiko dukani kinasomeka yeni 250,000. Yui ana 50,000, nazo ni posho aliyopewa mapema. Klabu nzima inakwenda kufanya kibarua cha kuhesabu magari barabarani ili wamchangie, lakini mwisho Yui anawarudishia ujira wao. Wanarudi dukani akachague la bei nafuu, na macho yake yanabaki kwenye lile la kwanza. Mugi anamsogelea muuzaji, wananong'ona, na gitaa linauzwa kwa 50,000 hizohizo. Duka ni mojawapo ya mali za familia ya kina Mugi.

Nataka kuanza gitaa. Nitajifunza chochote hapa?

Hutajifunza kupiga, utajifunza jinsi kujifunza kunavyokuwa. Yui anaumia ncha za vidole. Anashindwa mtihani, anajifungia kusoma, anarudia na kupata 100, na siku hiyohiyo anagundua amesahau namna zote za kukamata nyuzi alizokuwa amezishika. Kabla ya tamasha la kwanza la shule anafanya mazoezi ya kuimba na kupiga kwa pamoja mpaka sauti inakauka, na Mio analazimika kuimba badala yake. Aliyewahi kushika gitaa atayatambua hayo, pengine si kwa kiwango hicho.

Ana kipaji kimoja ambacho usijilinganishe nacho: sikio lake linakamata sauti bila kipimo, na anaweza kutyuni gitaa kwa kusikia tu.

Majina ya ukoo yametoka wapi?

Hirasawa, Akiyama, Tainaka, Kotobuki na Nakano ni majina ya wanamuziki waliopita kwenye bendi ya Kijapani P-Model. Yamanaka na Manabe ni ya waliokuwa wanachama wa the pillows, bendi nyingine ya Kijapani. Ukipenda kuchimba, anzia hapo. P-Model haifanani hata kidogo na Houkago Tea Time, na inasikilizika.

## Waliotengeneza

Nani aliiongoza, na kwa nini anatajwa sana?

Naoko Yamada, na huu ulikuwa mfululizo wake wa kwanza kuuongoza. Mwandishi mkuu ni Reiko Yoshida, mchoraji wa sura za wahusika Yukiko Horiguchi, na muziki wa nyuma ni wa Hajime Hyakkoku. Yamada anatajwa kwa namna anavyotazama. Mtu anapozungumza jambo zito, kamera yake hushuka miguuni, ikaonyesha vidole vinavyojikunja ndani ya viatu vya shule au goti linalogeuka kidogo kumwelekea rafiki, na uso unaachwa. Ukishaiona mara moja utaiona kila mahali, pamoja na kwenye kazi zake za baadaye.

Ni studio ile iliyochomwa moto?

Ndiyo. Tarehe 18 Julai 2019 mtu aliingia kwenye jengo la Kyoto Animation mjini Kyoto akaliwasha moto kwa petroli. Watu 36 walikufa, wakiwemo wachoraji na waongozaji wa miaka mingi. Studio iliendelea na kazi baada ya msiba huo. Mashabiki wengi wa K-On! huitazama upya kila mwaka mwezi huo kuwakumbuka, na mimi ni mmoja wao.

Manga inatofautianaje na anime?

Manga ni ya vichekesho vya picha nne, kila safu ikiisha na mzaha wake. Kilichoongezwa na anime ni nafasi kati ya mzaha na mzaha: mwanga wa jioni chumbani, kimya cha baada ya wimbo. Ukiipenda anime kwa sababu ya hivyo, manga itakuonekea fupi.

## Yanayofichua mwisho

Kwa nini watu husema sehemu ya 20 ya msimu wa pili inaliza?

Ni onyesho lao la mwisho kwenye tamasha la shule. Sawako amewashonea watazamaji fulana za bendi, wanafunzi wamejaa, na Yui anaimba "U&I", wimbo alioutunga kwa ajili ya mdogo wake. Baadaye wanarudi chumbani kwao na kukaa sakafuni, migongo ukutani, wamechoka. Wanaanza kupanga watakachofanya tamasha la mwaka ujao, kila mmoja akiongeza lake, mpaka inawafikia kwamba mwaka ujao hawatakuwepo. Hata Ritsu, ambaye mizaha ndiyo kazi yake, anashindwa kujizuia.

Filamu inaongeza nini, kama tayari najua wanahitimu?

Katika sehemu ya 24, siku ya mahafali, wanne hao wanampigia Azusa wimbo "Tenshi ni Fureta yo!" baada ya yeye kuwalilia wasihitimu. Unapoisha, anawaambia kwamba hawakupiga vizuri sana, halafu anaomba warudie. Filamu inarudi nyuma na kuonyesha wimbo huo ulivyotungwa kwa siri wakati wa safari yao London. Kwa hiyo Azusa anayehangaika kuwapangia hoteli ya Earl's Court, ratiba na njia ndiye wanayemficha muda wote. Wanapiga kwenye mgahawa wa sushi kwa kudhaniwa ni bendi nyingine, na tena nje karibu na gurudumu kubwa la London Eye. Ukiishaitazama, rudia sehemu ya 24.

Baada ya hapo? Kuna msimu wa tatu?

Baada ya filamu ya 2011 hakukufuata msimu wa tatu. Hadithi inaendelea kwenye manga: wanne wanaingia chuo kikuu kimoja cha wanawake na bendi inaendelea, na Azusa anabaki shuleni kuijenga klabu upya pamoja na Ui, Jun (mwanafunzi mwenzake) na wanachama wawili wapya. Mwaka 2018 Kakifly alianza manga nyingine, K-On! Shuffle, yenye wahusika wapya.

Nimemaliza. Nifuate nini?

Inategemea ulichokipenda. Ukitaka mazoezi makali na mashindano, nenda Hibike! Euphonium, ya studio hiyohiyo, kuhusu bendi ya tarumbeta na filimbi ya shule moja mjini Uji. Ukitaka msichana mwenye aibu na gitaa, Bocchi the Rock! ya 2022 imetoka kwenye familia ileile ya majarida ya Kirara, na nayo imeazima majina ya ukoo kwa bendi halisi, Asian Kung-Fu Generation. Ukitaka wavulana, jazi na Japani ya mwaka 1966, tafuta Sakamichi no Apollon.

Na ikiwa ulichokipenda ni jicho la Yamada (tazama swali la mwongozaji), tafuta filamu yake ya 2024, Kimi no Iro, aliyoifanya na Reiko Yoshida kwenye studio nyingine. Ni vijana watatu, gitaa, kinanda na theremini (chombo cha umeme kinachopigwa bila kuguswa), na bendi inayoundwa kwa bahati.